Ethiopia Niliyoisoma kwa Mwenzangu wa Darasani

Walimu wangu, wanafunzi, hamjambo. Asanteni kwa kunialika. Mwalimu wenu aliponipigia simu aliniambia kwamba muhula huu mmepokea wenzenu kutoka nchi za nje, akaniomba nizungumzie namna ya kuijua nchi ya mtu unayekaa naye dawati moja. Sina kanuni za kuwagawia. Nina mtu mmoja tu, Mwethiopia niliyesoma naye ng'ambo kwa miaka miwili. Jina lake sitalitaja kwa sababu sikumwomba ruhusa. Nitamwita ndugu yangu, na ndivyo alivyo.

Wiki ya kwanza tulipangwa watu watano kufanya kazi ya kikundi. Tukaulizana tukutane lini. Ndugu yangu akasema, kwa Kiingereza, kesho saa mbili za asubuhi. Sasa nyinyi mnajua kwamba mwenye Kiingereza chake akisikia hivyo anaelewa saa nane za usiku. Wale watatu wakatazamana, wakadhani anatania, wakaondoka. Mimi sikuona kasoro yoyote. Nilisikia saa mbili, nikaenda saa mbili. Nikamkuta kwenye ngazi za maktaba, peke yake, daftari kwapani, mlango bado umefungwa. Tukakaa pale karibu saa nzima, na ndipo nilipojua kwamba Waethiopia wanahesabu saa kama sisi: jua likishachomoza, saa inayofuata ndiyo saa moja. Karibu na ikweta mchana na usiku vinakaribiana urefu mwaka mzima, jua haliwahi sana wala halichelewi sana, kwa hiyo mtu anaweza kulitegemea kama saa ya ukutani. Miaka yote niliamini kwamba saa hii ni ya Waswahili peke yetu. Nilifurahi mno, nikataka kumkumbatia.

Badala yake nikamuuliza kuhusu njaa.

Nawaambia hili kwa sababu linaniuma hadi leo. Nilikuwa na picha moja tu ya Ethiopia kichwani, ile ya njaa ya mwaka 1984, ya watoto waliokonda na mahema, nikaitoa pale pale kama salamu. Hakukasirika. Alinieleza taratibu kwamba ile njaa ilizidi upande wa kaskazini, Tigray na Wollo, kwamba ukame ulikutana na vita na utawala wa kijeshi wa Mengistu, na kwamba yeye kwao ni Jimma, kusini-magharibi, nchi ya mvua na misitu, ambako mibuni huota yenyewe porini. Kisha akanyamaza. Nilikuwa nimemtaka anithibitishie nilichokuwa nacho, wala sikumuuliza yeye ana nini. Wengi wenu mtafanya hivyo wiki hii kwa nia njema kabisa. Mwenzako ametoka kupanga shuka zake bwenini, nawe unamuuliza habari ya vita uliyoiona kwenye taarifa ya habari.

Basi nikajifunza kuuliza vitu vidogo. Siku moja nilimwomba anifundishe herufi za lugha yake. Nilishaziona zile herufi za Kigeezi, zinaitwa fidel, kila herufi ya konsonanti ina maumbo saba kufuatana na irabu inayoifuata, jumla zinapita mia mbili. Nikaleta kalamu na karatasi kubwa. Akaniandikia kwa mstari wa kwanza a, b, c, d. Nikadhani hajanielewa. Kumbe lugha ya mama yake ni Kioromo, Afaan Oromo, na tangu mwaka 1991 Kioromo kinaandikwa rasmi kwa herufi za Kilatini, hizi hizi zetu. Mtindo huo wa kuandika wanauita Qubee. Ile fidel niliyoitaka ni ya Kiamhari na Kitigrinya, naye aliisoma shuleni kama somo. Mimi nilikuwa nimemvika nchi nzima mabegani, nchi yenye lugha zaidi ya themanini! Nilimuuliza pia kuhusu makanisa ya Lalibela yaliyochongwa ndani ya mwamba. Akaniambia hajawahi kufika. Yeye ni Mwislamu wa Jimma, Lalibela ni safari ya siku nyingi. Kwani wangapi humu ndani mmepanda Kilimanjaro?

Na hapo ndipo aliponifundisha jambo la nyumbani kwangu mwenyewe. Waborana wa Marsabit wanasema lugha ya Kioromo, na Waorma wa Mto Tana vilevile. Alijua hayo, mimi sikuyajua vizuri. Kwa hiyo msidhani nchi ya mwenzenu iko mbali. Huenda ina watu wake mtaa wa pili. Na waliokaa madrasa wanaijua Ethiopia tangu utotoni kwa jina la Uhabeshi, kwa Najashi, yule mfalme aliyewapokea Waislamu wa kwanza waliokimbia Makka mnamo mwaka 615. Nilipomtajia Najashi, ndugu yangu aliweka kikombe chini akanishika mkono.

Suala la majina nalo ni zito kuliko linavyoonekana. Kwa desturi Waethiopia hawana jina la ukoo. Mtu ana jina lake, kisha linafuata la baba yake. Mwanariadha Abebe Bikila, aliyeshinda mbio za marathoni mjini Rome mwaka 1960 akikimbia pekupeku, jina lake ni Abebe, na Bikila ni baba yake. Hata ukimwita mtu kwa heshima, unaweka cheo mbele ya jina lake mwenyewe, na mke akiolewa anabaki na la kwao. Sasa ofisi moja kule tulikosoma ilikuwa na fomu yenye nafasi ya jina la ukoo, na kwa miaka miwili barua zote zilimwita kwa jina la baba yake, marehemu. Alizoea kuzifungua akiwa amesimama. Nilimuuliza kwa nini hakai. Akasema mzee akiitwa, hukai.

Nilirudi chumbani siku hiyo nikiwa sina la kusema.

Ofisi hiyo hiyo iliandika umri wake vibaya, ikamwona ni mkubwa kwa zaidi ya miaka saba. Kalenda ya Ethiopia iko nyuma ya hii ya kwetu kwa miaka saba au minane, kwa kuwa kanisa lao lilishika hesabu nyingine ya mwaka aliozaliwa Yesu, na hadi leo hiyo ndiyo kalenda ya nchi, ya Waislamu na Wakristo sawasawa. Mwaka 2000 wao waliusherehekea Septemba 2007. Miezi ni 13: kumi na miwili ya siku thelathini kila mmoja, na wa mwisho, Pagume, una siku tano, au sita katika mwaka mrefu. Cheti chake cha kuzaliwa kilikuwa sahihi kabisa, ila karani aliusoma ule mwaka kana kwamba ni wa kalenda ya kwetu. Ilichukua miezi kurekebisha.

Kahawa nitaieleza polepole, kwa sababu hata ndugu yangu aliniandalia polepole. Ilikuwa Jumapili. Alitandaza majani mabichi sakafuni, yale aliyoweza kuyapata. Akaosha buni mbichi, akazikaanga kwenye kikaango hadi zikang'aa mafuta, akazunguka na kile kikaango chumbani ili kila mtu auvute ule moshi kwa mkono. Akatwanga. Hakuwa na kinu, alitumia bakuli zito na kitako cha chupa. Akachemsha ndani ya jebena, chungu cheusi cha udongo chenye shingo nyembamba, alichokibeba mapajani kwenye ndege kutoka Addis Ababa. Kahawa kwao inaitwa buna. Sikilizeni: buna, na sisi punje tunaziita buni. Unakunywa vikombe vitatu, vidogo, visivyo na mkono. Cha kwanza abol, cha pili tona. Nilipomaliza cha pili niliinuka kuaga, nilikuwa na mtihani kesho yake. Akanitazama kama mtu aliyeumizwa. Cha tatu, akasema, kinaitwa bereka. Akalitamka mara ya pili, nami nikalisikia: baraka. Nikakaa. Huwezi kumwacha mtu na baraka zake ndani ya chungu.

Tunawasiliana hadi leo. Mwaka mpya wao unaangukia tarehe 11 Septemba, nami kila mwaka humtumia salamu asubuhi, saa moja, saa moja yetu sote. Mwaka 2023 nilituma kama kawaida. Akanijibu kwamba nimewahi. Mwaka wao ulikuwa mrefu, sikukuu ilikuwa kesho yake, na siku ile ilikuwa tarehe 6 Pagume, siku inayokuja mara moja kila miaka minne. Akaniambia niitumie vizuri. Nilimuuliza yeye anaitumiaje. Akanitumia picha ya jebena jikoni, na vikombe viwili.