Shira ya Bungo na Shira ya Ukwaju kwa Kokteli: Moja Haitaki Moto Kabisa

Habari zenu wapendwa, karibuni tena jikoni kwangu hapa Dar es Salaam. Leo tunatengeneza shira mbili za kokteli, ya bungo na ya ukwaju. Kokteli nzuri inataka uchachu, na matunda haya mawili yana uchachu wa kutosha pamoja na harufu yake yenyewe. Sirapu nyingi za dukani, zile zenye rangi ya kung'aa, ni sukari, rangi na harufu ya kiwandani. Unalipa hela nyingi, halafu mgeni wako anakunywa peremende iliyoyeyuka. Mimi hilo linaniuma, kwa sababu matunda yako hapa hapa.

Tuanze na sokoni. Mabungo msimu wake ukifika utayakuta Buguruni, Kariakoo, na kwenye matoroli barabarani. Walioko Unguja waende Darajani, wa Mombasa waulize Kongowea. Kwa wa bara ambao hamlijui, bungo huzaa kwenye mmea unaotambaa na kupanda juu ya miti mingine huku pwani. Ganda lake ni gumu, likiiva linakuwa la manjano, na ndani kuna kokwa zilizovikwa nyama ya rangi ya chungwa yenye nyuzinyuzi. Ukichagua, nusa. Bungo lililoiva vizuri linanukia hata kabla hujalikata. La kijani mwachie muuzaji.

Ukwaju nunua ule uliomenywa, wa kahawia, unaonata mkononi. Uliokauka ukawa mweusi kama mkaa umekaa sana. Mwambie muuzaji akufungulie kidogo uangalie ndani kama kuna unga wa wadudu. Mikwaju iko mingi Dodoma na Singida, kwa hiyo mwenye shangazi huko asione haya kuagiza.

Ndimu ni zile ndogo za ganda jembamba. Si limau, ni ndimu. Zikamue siku hiyo hiyo unayotumia.

Haya, bungo. Osha mabungo sita makubwa. Paka kisu mafuta kidogo ya kula, maana ganda lina utomvu mweupe unaonata na kuutoa ni kazi. Kata katikati kwa kuzunguka, pasua, kwangua kokwa zote na kijiko uziweke kwenye blenda. Mimina maji nusu lita, ya baridi.

Sasa hapa, mdogo wangu, sogeza kamera karibu. Karibu zaidi. Wapendwa, acheni hata mnachokifanya mniangalie. Hatusagi! Tunabonyeza na kuachia. Bonyeza, achia. Bonyeza, achia. Basi. Tunachotaka ni nyama itoke kwenye kokwa, na kokwa zenyewe zibaki nzima. Kokwa zikipasuka juisi inakuwa chungu, na uchungu ule hata umwage kilo ya sukari hauondoki. Blenda yako kama haina kitufe cha kubonyeza na kuachia, usiitumie kabisa, tia mkono safi kwenye bakuli uvuruge na kusugua. Mabibi zetu walivuruga kwa mkono na juisi yao ilikuwa nzuri kuliko ya hotelini.

Tuchuje. Chujio la matundu makubwa kwanza, halafu la matundu madogo. Mnaona kokwa? Nzima, zote. Ukiona vipande vyeupe kwenye chujio simama, onja, na kama ni chungu usiendelee kutia sukari. Na pasheni ni hivyo hivyo. Mtu anasaga pasheni dakika nzima mpaka juisi inakuwa na vumbi jeusi, halafu anasema pasheni za siku hizi mbaya. Bonyeza, achia.

Sasa tuna juisi nzito. Pima. Hapa imefika mililita 500, kwa hiyo sukari gramu 500, uzito kwa ujazo, sawa kwa sawa. Koroga mpaka iyeyuke. Itachukua muda, ni sawa. Kuna mtu hapo anawaza aweke jikoni iyeyuke haraka. Usiweke! Harufu ya bungo haivumilii moto. Ukiichemsha unabaki na utamu na uchachu tu, na lile jambo lenyewe lililokufanya ununue bungo limeondoka na mvuke. Nani anakufukuza? Koroga, pumzika, koroga tena.

Nikoroge mimi huku tunaenda kwenye ukwaju, ambao wenyewe moto unaupenda.

Gramu 250 za ukwaju, maji ya moto mililita 750, loweka nusu saa. Mimi huu niliuloweka tayari. Tia mkono, sugua mpaka kokwa zitengane, chuja. Hii kila mtu anaijua, tusipoteze muda.

Ila sufuria. Sufuria nyingi tulizonazo ni za alumini, na uchachu wa ukwaju unaila alumini. Shira inapata ladha ya chuma na sufuria inatoka madoa. Tumia ya chuma cha pua, au ile ya enameli ya zamani ambayo haijabanduka. Tia rojo la ukwaju, sukari gramu 400, kijiti kimoja cha mdalasini na iliki tatu zilizopondwa kidogo. Wengine wanatia karafuu. Mimi sitii, karafuu inataka kutawala kila inapoingia. Moto mdogo, dakika kumi, ukikoroga...

Ngoja, kamera imeshika mvuke? Hamnioni? Futa lensi, mdogo wangu, kwa kitambaa kikavu. Mimi napunguza moto maana chini itaungua. Haya, turudi. Tazameni mwiko, inaufunika mgongo wake, nikipitisha kidole njia inabaki wazi. Hapo imeiva. Epua hata kama unaiona nyepesi, ikipoa itazidi kuwa nzito.

Chupa ziwe za kioo, zilizochemshwa na kukauka. Ukwaju mimina ungali wa moto, funga. Bungo mimina ikiwa baridi. Kwenye friji, bungo itumie ndani ya wiki moja, kwa sababu haijapikwa. Ukwaju nakaa nao wiki mbili hivi. Bungo likiwa jingi ligandishe kwenye vibati vya barafu, msimu ukiisha wewe bado unalo.

Sasa glasi. Wenye miaka 18 kwenda juu tu kwa hii. Mimi natumia Konyagi, ni ya kwetu, ina kilevi cha asilimia 35 na haipigani na tunda. Konyagi mililita 50, shira ya bungo 30, ndimu 20, barafu nyingi kwenye chombo cha kutikisia. Huna? Chupa ya jamu yenye kifuniko kizima inatosha. Tikisa kwa nguvu mpaka chombo kiume mkono kwa baridi. Mdomo wa glasi pitisha ndimu, kisha uchovye kwenye chumvi na pilipili, ile ile tunayolia embe mbichi. Chuja, mimina.

Asiyekunywa pombe mpe shira hiyo hiyo na ndimu, ujaze soda ya tangawizi. Usimpe maji yenye rangi eti kwa sababu hanywi pombe. Naye ni mgeni.

Ya ukwaju naipenda kwenye dawa, ile kokteli ya Nairobi iliyovuma kutoka mgahawa wa Carnivore, yenye vodka, ndimu, asali na kijiti cha kukorogea. Kata ndimu vipande vinne, ziponde taratibu kwenye glasi, toa asali weka kijiko kikubwa kimoja cha shira ya ukwaju, barafu, vodka mililita 50, koroga na kijiti. Onja kabla hujaongeza ndimu nyingine, maana ukwaju wenyewe una uchachu tayari.

Ambao hamna nafasi ya kukaa jikoni, ninauza chupa za shira zote mbili, na kila chupa nimeiandika siku iliyotengenezwa. Ya bungo sitoi chupa iliyopita siku tatu, na msimu ukiisha siuzi. Na wewe unayetengeneza mwenyewe, kabla hujawasha blenda: bonyeza, achia.