Kikomo cha Deni Kilipovunjwa na Dola

Wazee wangu, mama zangu na ndugu zangu, asanteni kwa kuja na jua hili. Nimeombwa nizungumzie kikomo cha deni la taifa la Kenya. Najua neno "trilioni" huwafanya watu wengi wafunge masikio, kwa hivyo nitazungumza kwa hesabu ya dukani.

Katiba yetu, kifungu cha 211, imelipa Bunge uwezo wa kuweka masharti ya serikali kuu kukopa. Kifungu cha 201 kinataka mzigo na manufaa ya mikopo vigawanywe kwa haki baina yetu na vizazi vijavyo. Hicho cha 201 naomba mkishike. Mtoto aliyezaliwa leo Changamwe, hapa Mombasa, hajapiga kura yoyote, lakini tayari anadaiwa.

Kabla ya 2019 kikomo kilikuwa asilimia: deni lisizidi asilimia 50 ya pato la taifa, yaani thamani ya vyote tunavyozalisha nchini kwa mwaka, na deni lipimwe kwa thamani ya sasa. Hiyo "thamani ya sasa" maana yake ni nini? Ukikopeshwa shilingi mia kwa riba ndogo, ukapewa miaka 30 ya kulipa, mzigo wake leo haufiki mia. Ukikopa mia ile ile kwa riba ya soko, ulipe mwaka kesho, mzigo ni mia nzima. Kipimo kile kilitofautisha mkopo mwepesi na mzito.

Mwaka 2019 Bunge likakiacha, likaweka tarakimu: Sh9 trilioni. Deni lilikuwa karibu Sh6 trilioni, kwa hivyo serikali ilifunguliwa nafasi ya trilioni tatu kwa mpigo mmoja. Kumbukeni siasa za wakati ule. Uhuru Kenyatta, aliyekuwa Rais, na Raila Odinga, aliyekuwa kiongozi wa upinzani, walikuwa wamepeana mkono wa maridhiano Machi 2018. Watu tuliotarajia wasimame na kuuliza "za nini?" walikuwa wamekaa meza moja na serikali. Mimi naamini kile kimya kilitugharimu kuliko kelele zote zilizofuata.

Haikuchukua miaka mitatu. Bajeti ya 2022/23 ilikuja na pengo la zaidi ya Sh800 bilioni, yaani matumizi yaliyozidi mapato, na Juni 2022, uchaguzi ukiwa mlangoni, kikomo kikapandishwa hadi Sh10 trilioni. Hapa ndipo kasoro yenyewe ilipo. Wabunge hupitisha bajeti yenye pengo, kisha huulizwa kama kikomo kipandishwe. Ni sawa na baba aliyekwisha kuagiza mbuzi na mchele wa harusi, kadi zimeshagawiwa, ndipo anaita ukoo kuuliza: tukope au tusikope? Ukoo utasema nini wakati huo?

Sasa sikilizeni kilichoivunja ile tarakimu. Takriban nusu ya deni letu ni la nje, na sehemu kubwa yake iko kwa dola. Mwisho wa 2022 dola moja ilikuwa kama Sh123. Kufikia Juni 2023 ilikuwa kama Sh140. Kila dola bilioni moja tuliyodaiwa iliongezeka Sh17 bilioni bila mtu kukopa hata senti, na sisi tulidaiwa makumi ya mabilioni ya dola. Ongezeni mikopo mipya juu yake. Mwisho wa Juni 2023 deni lilipita Sh10 trilioni. Bunge lilikaa likapiga kura juu ya tarakimu, na bei ya dola ikaifuta.

Marekani nao wana kikomo cha tarakimu, na mwaka 2011 mvutano wa wanasiasa wao juu yake ulifika mahali wapimaji wa uwezo wa nchi kulipa madeni, Standard & Poor's wakaishusha daraja ya mikopo yao. Lakini Mmarekani anadaiwa kwa fedha yake mwenyewe, kwa hivyo kushuka kwa dola hakumwongezei deni. Sisi tulishona nguo kwa vipimo vya mtu mwingine.

William Ruto alifanya kampeni akilaumu mikopo ya serikali iliyotangulia, ingawa alikuwa naibu rais ndani yake. Oktoba 2023, akiwa Rais, alitia saini sheria iliyorudisha asilimia: 55 ya pato la taifa kwa thamani ya sasa, ikiruhusiwa kuzidi kwa pointi tano. Mimi nakiunga mkono kipimo hiki. Ila siku sheria inasainiwa, deni lilikuwa tayari juu ya hapo, na serikali ikapewa hadi Novemba 2028 kulishusha.

Na wakati Bunge linabishana juu ya kiasi mwaka 2019 na tena 2022, mkataba wa mkopo wa reli ya SGR, reli mpya ya kwenda Nairobi inayoanzia hapa kwetu Miritini, mwananchi hakuwa ameuona. Sehemu zake zilitolewa Novemba 2022, miaka mitano na zaidi baada ya treni kuanza kubeba abiria. Mbunge atapimaje kikomo cha deni ambalo masharti yake amefichwa? Mimi ningetaka kila kura ya kikomo ije kabla ya bajeti, na kila mkopo uje na mkataba wake mezani.

Uchaguzi ni Agosti 2027, na Novemba 2028 itawakuta ofisini wale tutakaowachagua. Watakapokuja hapa kuomba kura, waulizeni watapunguza nini ili tufike 55, na wataje kwa jina. Haya, nani ana swali?