Mzee Hakuchelewa: mhadhara juu ya gemu za midundo

Assalaam alaikum. Bi Mwenyekiti, wazee wangu, walimu wenzangu, na nyinyi vijana mlioleta kompyuta zenu hapa mbele. Wanaonijua washajua nitakalosema, na pale nawaona wawili watatu wanatazamana. Tazamaneni. Nitalisema mpaka lifanyiwe kazi: gemu ya muziki huanzia kwenye sauti, na sisi hapa kila mwaka tunaianzia kwenye picha.

Gemu ya mwaka huu, ya wanafunzi wetu wa chuo, mmeiona kwenye skrini, siielezi tena. Watu wawili, mmoja DJ, mwenziwe yuko ukumbini anacheza, alama zinashuka, unabonyeza pigo likifika. Harusi ya Mjini, taa, kanga, mpaka mlango wa njumu umechorwa msumari kwa msumari. Sina neno. Binti aliyechora kanga zile apewe maksi zake zote.

Sasa nikwambieni kilichotokea tulipoijaribu. Tulimwalika mzee mmoja wa mtaa wa Ng'ambo, hapa Unguja, mpigaji mkwasa, vile vijiti viwili vya kugonganisha. Kidumbak mnaijua, muziki wa harusi zetu: ngoma mbili ndogo, sanduku la besi, fidla, cherewa za kutikisa, mkwasa. Katika kundi lake, fidla ikipotea njia, humtegea yeye sikio ndiyo irudi. Vijana wakamkalisha, wakampa vitufe, wakawasha spika kubwa ya Bluetooth ili muziki ujae chumba. Mzee akaanza. Skrini ikamwandikia UMECHELEWA. Akapiga tena, UMECHELEWA. Herufi kubwa, nyekundu. Akapiga wimbo mzima, na mwisho gemu ikamwonyesha kibonzo cha bibi harusi kimenuna.

Vijana wakacheka, kwa adabu lakini wakacheka. Mmoja akaninong'oneza, "Mwalimu, labda macho yake mazito." Macho! Mzee alikuwa amefumba macho. Mkwasa unapigwa kwa macho tangu lini?

Mzee hakugombana na mtu. Alisema, "Nizimieni hiyo picha, niachieni sauti." Wakageuza skrini ukutani. Akagonga juu ya meza kwa kucha ya kidole, na kila aliyekuwamo chumbani alisikia kucha ile inavyolala juu ya ngoma, haitangulii wala haibaki. Kisha akauliza, "Sasa huyu anayenihukumu, anasikiliza wapi?" Swali hilo nalibeba kila ninapokaribishwa kusema. Sijapata njia bora ya kulieleza tatizo.

Anasikiliza wapi? Hasikilizi popote, ndiyo kasoro yenyewe. Programu ilitoa amri ya sauti, na papo hapo ikaanza kuhesabu. Lakini sauti inayopita kwenye Bluetooth hufungwa, husafirishwa, hufunguliwa, ndiyo ipigwe, na safari hiyo hula milisekunde 100, 200, pengine zaidi. Pigeni hesabu. Wimbo wa mapigo 120 kwa dakika, kutoka pigo hadi pigo ni milisekunde 500. Ukimchelewesha mtu 200, umekaribia kumtupa kwenye nusu ya pigo. Weka singeli ya mapigo 240, ambayo pigo zima ni milisekunde 250, hapo umemsogeza karibu na pigo la pili naye bado analisikia la kwanza. Mzee alipiga pale pale sikio lake lilipomwambia piga. Gemu ikamhukumu kwa sauti ambayo ilikuwa bado haijamfikia. Spika ndiyo iliyochelewa, kosa akabebeshwa mzee.

Kuna atakayesema, si tutumie waya? Tumieni. Waya unapunguza, hauondoi. Simu yenyewe ina kuchelewa kwake ndani, na simu hii si simu ile. Ndiyo maana gemu zilizotengenezwa vizuri huwa na ukurasa wa kupimia: unasikia mapigo, unagonga kama unavyoyasikia, programu inapima tofauti kila unapogonga, inachukua ile ya katikati, inaitoa kwenye hukumu zote zinazofuata. Kazi ya alasiri moja. Na msidhani vijana wetu hawakuijua. Ukurasa huo upo! Nimeuchimba nikaukuta ndani ya mipangilio, chini kabisa, baada ya kuchagua rangi ya kanga. Uwekeni mlangoni. Mtu asicheze kabla hajapimwa.

Bado sijatoka kwenye sauti, msiangalie saa zenu. Nimesoma msimbo wao. Walikuwa wanajua wimbo umefika wapi kwa kujumlisha muda wa fremu, yaani kila picha moja inayochorwa. Skrini nyingi huchora fremu 60 kwa sekunde, kila moja milisekunde 16 na ushei, na simu ikielemewa fremu huruka. Sauti ina mwendo wake, sampuli, yaani vipande vidogo vidogo vya sauti, 44,100 kila sekunde, zinatoka kwa foleni. Anayejumlisha fremu wimbo mzima, ubeti wa mwisho unamkuta picha na muziki hazijuani tena. Iulizeni sauti imefika wapi, halafu picha iifuate. Picha hapa ni mwalikwa tu, mwenye harusi ni sauti.

Namwona mzee wangu pale anatikisa kichwa. Najua analolisema moyoni: chuo kikuu, ada za wazee, watoto wanasomeshwa udijei. Mzee wangu, kwa heshima zote, kijana anayeweza kupima kuchelewa kwa sauti ndiye huyo huyo atakayekutengenezea zile spika za msikitini, ya mbele inasema na ya nyuma inarudia, mpaka khutba haifahamiki. Elimu ni ile ile. Mwacheni ajifunzie kwenye kidumbak.

Haya, dansi. Wajapani wa Konami walitoa gemu ya DJ mwaka 1997, beatmania, vitufe vitano na sahani moja ya kuzungusha. Mwaka uliofuata wakatoa ya miguu, Dance Dance Revolution, mishale minne: mbele, nyuma, kushoto, kulia. Nawaheshimu, wamefanya kazi. Lakini vijana wetu wameichukua mishale ile kama ilivyo wakaibandika juu ya ngoma zetu. Kwa msewe ya Pemba, sawa, miguu ina kazi, na njuga zenyewe ziko miguuni. Kwa kidumbak? Mishale minne haikijui kiuno. Jamani, msicheke, hili ni la kiufundi! Simu ina kihisi cha mwendo ndani yake. Mtu akiifunga kiunoni kwa kanga, programu itausoma mzunguko wake na kuulinganisha na pigo. Nimelisema hili kwenye vikao, wakaniona nimechangamka kuliko umri wangu.

Na kuna hili, ambalo kwangu ndilo zito kuliko yote, na naona muda unanikimbia. Gridi yao, ile mistari ya kupangia alama, inaligawa kila pigo mara nne. Ngoma zetu nyingi hukaa kwenye tatu. Rudini kwenye pigo la milisekunde 500. Ukiligawa kwa nne, unapata 125, 250, 375. Ukiligawa kwa tatu, unapata 167 na 333. Toa 125 kwenye 167: 42. Nao dirisha la hukumu, yaani nafasi ya kukosea wanayomruhusu mchezaji, wameliweka milisekunde 40 kila upande. Mmenifahamu? Hata spika isichelewe, hata waya uwe mfupi kama kidole, anayepiga tatu zake kwa usahihi kamili ataandikiwa amekosa, na anayebahatisha ovyo kwenye nne atapewa nyota. Hatujatengeneza gemu ya ngoma hapo. Tumetengeneza mwalimu wa kuwasahaulisha watoto ngoma. Gridi ibadilike wimbo kwa wimbo, basi. Ni tarakimu moja kwenye faili.

DJ nampitia mbio. Kwenye gemu yao DJ anafuata wimbo. DJ hafuati, anaunga wimbo na wimbo. Ile mashine ya sahani, Technics SL-1200MK2 ya 1979, ina kitelezi cha mwendo, asilimia 8 juu, asilimia 8 chini. Wimbo wa 120 ukiupandisha asilimia 5 unafika 126, unaungana na wa pili, lakini na sauti ya mwimbaji nayo inapanda karibu nusu toni, bibi anaimba kama mjukuu wake. Mwachieni DJ mwenyewe achague aharibu kipi. Na maksi zake zitoke ukumbini, kwa wanaoinuka kwenda kutunza pesa, siyo kwa nyota.

Bi Mwenyekiti ananionyesha mkono. Nimeona, dada yangu, nimeona. La hakimiliki nililiandalia kurasa tatu, nazikunja: nyimbo mbili za taarab mlizotia ndani hamkuziombea ruhusa. Nendeni COSOZA, wasimamizi wa hakimiliki Zanzibar, mkaulize, au rekodini wenyewe. Maikrofoni ya idara iko kabatini na mzee wa mkwasa ameshakubali kuja, mradi asikalishwe tena mbele ya ile skrini. La skuli za Pemba ndiyo basi, tutalisema siku nyingine.

Maswali. Wewe bwana kule nyuma, mkono wako uko juu tangu nilipotaja kiuno. Haya, sema.