Viatu, king'ora na posho: mhadhara juu ya Lubumbashi na tabia zetu

Mhadhara huu ulitolewa Lubumbashi, mji wa migodi kusini-mashariki mwa Kongo, katika ukumbi mmoja wa Kamalondo, mbele ya wanafunzi na wakazi wa mtaa. Umeandikwa kama ulivyosemwa, ila machache yamepunguzwa.

Ba mama, ba papa, walimu wangu, nanyi vijana mliosimama kule nyuma kwa kukosa viti: asanteni kwa kuja na jua hili la mwezi wa kumi.

Nilikuwa pale mlangoni nikiwaangalia mkiingia. Karibu kila mtu alipofika kwenye ngazi aliinama, akapangusa viatu. Wengine kwa kitambaa, wengine kwa kiganja, na kijana mmoja, sitamtaja, kwa nyuma ya suruali yake. Hakuna kibao kinachosema futeni vumbi. Na vumbi hilo jekundu mlikuwa nalo tangu kwenu, wala halikuwasumbua mlipokuwa bado kwenye avenyu yenu. Limewasumbua hapa.

Panda basi dogo kutoka mtaa wa Katuba asubuhi, ukae kiti cha nyuma, utaona jambo hilo hilo kwa ukubwa zaidi. Mama amevaa ndala, mfuko wa plastiki uko mapajani. Basi likikaribia katikati ya mji anatoa viatu vya kisigino, anavivaa, ndala zinaingia mfukoni, anajifunga kitenge upya. Sauti yake nayo inabadilika. Aliyekuwa anabishana na kondakta juu ya chenji kwa Kiswahili chetu cha nyumbani, sasa anaomba kushushwa kwa Kifaransa. Ni mtu yule yule. Kilichobadilika ni mahali.

Jambo hili limefanyiwa utafiti mbali na hapa. Mwaka 1947 mwanasaikolojia wa Marekani, Roger Barker, alihamia na familia yake katika mji mdogo wa Oskaloosa, jimbo la Kansas, akafungua kituo cha utafiti. Kazi yao ilikuwa kumfuata mtoto kutwa nzima na kuandika kila alichofanya: amefungua mlango, amemrushia mbwa fimbo, amenyamaza. Waliona kwamba ukitaka kubashiri tabia ya mtoto, mara nyingi inakufaa zaidi kujua yuko wapi kuliko kujua ni mtoto wa namna gani. Mtundu na mpole wakiwa kanisani, wote wawili wanafanana. Wakiwa dukani, wanafanana tena, ila kwa namna nyingine. Barker alisema kila mahali pana utaratibu wake unaowavuta walioingia, na asiyeufuata huonywa au hutolewa. Sisi tulioenda misa ya kwanza na bibi zetu hatukuhitaji kusafiri hadi Kansas kulijua hilo, lakini tumshukuru kwa kuliandika.

Tofauti yetu na Oskaloosa ni kwamba utaratibu wa mahali petu ulichorwa kwa makusudi, kwa rula, mezani. Reli kutoka kusini ilifika hapa mwaka 1910, na mji wa Elisabethville, ndio Lubumbashi ya leo, ukapimwa mwaka huo huo, barabara zake zimenyooka kama mistari ya daftari. Kampuni ya migodi, Union Minière, ilikuwa imeundwa 1906, na kiwanda cha kuyeyusha shaba kilianza kazi 1911 kando ya mto Lubumbashi. Haukupita muda mrefu wakubwa wakaamua Waafrika wasikae karibu na wazungu. Mwanzoni mwa miaka ya 1920 wakapimiwa mtaa wao, ndio huu Kamalondo tulimo, na kati ya mtaa na mji ukaachwa ukanda mtupu wa mita mia kadhaa. Sababu iliyotolewa ilikuwa mbu: eti mbu wa malaria hawezi kuruka umbali ule. Mbu hawakuulizwa. Tena mpishi, yaya na mtunza bustani waliuvuka ukanda ule kila asubuhi, na jioni walirudishwa, maana usiku Mwafrika hakuruhusiwa kukutwa upande wa pili bila karatasi.

Sasa fikirini mtu anayevuka ukanda ule kila siku kwa miaka ishirini. Anavuka akiwa amejiandaa: nguo safi, karatasi mfukoni, macho mbele. Mwanawe anamwona, anajifunza bila kufundishwa. Sheria ilifutwa, jina la mji likabadilishwa mwaka 1966, ukanda wenyewe ukajengwa. Mama wa Katuba hajui habari za mbu wale, lakini kwenye basi bado anabadilisha viatu. Kuna wanaosema ni maringo tu. Mimi nadhani ni kumbukumbu iliyobaki mwilini baada ya kutoka kichwani.

Twende kambini, kwenye makazi ya wafanyakazi wa Union Minière, maana huko ndiko mambo yaliko.

Kwanza kampuni ilikuwa ikichukua wanaume kwa muda mfupi, inawatumia, inawarudisha kwao au inawazika. Kuelekea mwisho wa miaka ya 1920 ikabadilisha hesabu: aje na mke, azae hapa, watoto wakulie kambini, ndio watakuwa wafanyakazi wa kesho. Watu wakaletwa kutoka Kasai, Lomami, Maniema, hata Rwanda na Burundi. Wakapewa nyumba za matofali zenye namba. Kila juma posho: unga, samaki, mafuta, kwa kadiri ya idadi ya watoto. Shule ilikuwa ya mapadri, zahanati ya kampuni. Wake za wafanyakazi walikuwa na nyumba yao ya mafunzo, kushona, kufuma, kumwogesha mtoto kama kampuni inavyotaka aogeshwe. Na juu ya yote, king'ora.

Wazee walio hapa wananitikisia kichwa. King'ora kililia kwa ajili ya zamu, lakini kilisikika jikoni vilevile. Mama alijua kwa king'ora maji ya bukari, ugali wetu, yawekwe motoni saa ngapi. Mtoto alijua baba yuko njiani na mpira uishe. Hata aliyekaa nje ya kambi, asiyelipwa senti na kampuni, alipanga siku yake kwa sauti ile. Profesa Donatien Dibwe dia Mwembu wa Chuo Kikuu cha hapa kwetu amekusanya kwa miaka mingi kumbukumbu za familia hizi, na jambo moja linarudi kila mara: watu waliiita kampuni baba na mama. Baba huyo alikuwa mkali. Mwezi wa 12 mwaka 1941 wafanyakazi waliogoma, wakidai nyongeza ya mshahara, walipigwa risasi na askari kwenye kiwanja cha mpira, na makumi walikufa. Wajukuu wao bado wanasema kwa fahari, mimi ni mutoto wa kambi. Vijana wanaona huu ni upumbavu. Msiwahukumu haraka. Mtu hujifunza kuwa mtu mahali alipokulia, hata kama aliyepajenga hakumtakia mema.

Na hapo ndipo msiba unapoingia. Baada ya kutaifishwa mwaka 1967 kampuni ilikuja kuitwa Gécamines, na katikati ya miaka ya 1980 ilitoa zaidi ya tani 400,000 za shaba kwa mwaka. Kufikia 1994 hazikufika 50,000. Mishahara ikachelewa mwezi, ikachelewa mwaka. Mwaka 2003 ukaanza mpango ulioitwa wa kuondoka kwa hiari, kwa fedha za Benki ya Dunia, na wafanyakazi zaidi ya 10,000 wakapewa kiasi cha fedha na mkono wa kwaheri. Hiari yenyewe, mnaijua.

Mwaka 1963 mtafiti mmoja wa Marekani, Marc Fried, aliandika juu ya watu wa mtaa wa West End mjini Boston, ambao nyumba zao zilibomolewa na serikali wakahamishiwa kwingine. Wengi walipata nyumba nzuri kuliko za kwanza. Alipowahoji, akakuta watu wanaomboleza kama waliofiwa: hawalali, wanalia wakipita karibu na mtaa wa zamani. Hapa kwetu hakuna aliyebomoa kambi, nyumba zipo. Kilichoondoka ni utaratibu uliokuwa ndani yake. Niliwahi kukaa na papa mmoja mstaafu, barazani kwake, karibu na saa ya mwisho wa zamu. Alikuwa amevaa shati la kazi lililopigwa pasi. Hakuwa na pa kwenda. Mkewe alinong'ona, "Mwache, hii ni saa yake ya kurudi."

Mke huyo ndiye nataka mmwangalie. Alitoboa ukuta wa mbele, ule wenye namba ya kampuni, akafungua ligablo, kijiduka: sabuni, mkate, dagaa wa kapenta kwa kikombe. Nyuma ya nyumba, pale ambapo kanuni za kambi zilitaka uwanja mtupu uliofagiwa, amepanda matembele na mahindi. Jirani yake anauza makala, yaani mkaa. Yaani waliofundishwa kufuma soksi ndio walioishika kambi ilipoanguka, na wameigeuza kwa mikono yao. Siku hizi ukipita, utaona ukuta kwenye kila parseli, yaani kila kiwanja, geti, duka, chumba cha kupangisha. Watoto wanaozaliwa humo hawatakuwa na tabia za babu yao, wala haiwezekani. Hawajui zamu. Wanajua wateja.

Juu ya mpira sitasema mengi, tusije tukagombana. TP Mazembe ilianzishwa 1939 chini ya mapadri Wabenediktini, Lupopo ni timu ya watu wa reli, na hadi leo mtu anaweza kukuambia babu yake alifanya kazi wapi kwa kukuonyesha jezi anayovaa Jumapili. Mazembe ilipofika fainali ya klabu za dunia mwaka 2010 na kufungwa na Inter ya Milano, Kamalondo ilishangilia kana kwamba imeshinda. Basi, tuishie hapo.

Kuna jambo zito zaidi. Mji huu umegeukia kusini tangu siku ya kwanza. Reli ya kwetu kuelekea Kinshasa haikufika Kinshasa: tangu 1928 inaishia Ilebo, mzigo unahamishiwa kwenye boti. Unga wetu unapitia Kasumbalesa, mpakani na Zambia, na mpaka ukifungwa siku mbili bei ya bukari inapanda. Hata saa yetu si ya Kinshasa, sisi tuko mbele kwa saa moja. Mtu aliyekulia hapa anahisi, bila kufundishwa siasa, kwamba mji mkuu uko mbali. Hisia hiyo ilitumiwa mwaka 1960 kuitenga Katanga, jimbo letu, na Kongo, ikatumiwa tena miaka ya 1990. Hisia ya mahali ni kitu chema, lakini wanasiasa wanajua inapowaka moto.

Mwaka 1992 na 1993 watu wenye asili ya Kasai walifukuzwa katika jimbo la Katanga la zamani, hasa miji ya migodi ya Likasi na Kolwezi. Malaki waliondoka. Walilala kwenye vituo vya reli wiki nyingi wakingoja treni, watoto wakafia pale. Waliambiwa warudi kwao. Kwao wapi? Babu yao aliletwa na kampuni. Baba yao alizaliwa kambini, akala posho ile ile, akaamka kwa king'ora kile kile. Mtoto aliyeshuka Mwene-Ditu, kituo cha reli huko Kasai, alikuwa anaongea Kiswahili cha Likasi katika nchi ya Kiluba cha Kasai, anaomba bukari, wenzake wanamcheka. Huko pia alikuwa mgeni.

Wapo watakaoniambia: mwacha asili ni mtumwa. Sawa. Lakini wahenga hao hao walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Huyu alipewa jembe, na koleo, na tanuri la kiwanda. Kama mahali hutengeneza mtu kwa mazoea, kama nilivyowaonyesha kwa viatu na kwa king'ora, basi aliyeyapata mazoea ya hapa ni wa hapa. Sioni njia nyingine ya kulisema bila kujipinga. Damu haijui bukari inaiva saa ngapi. Najua wengine humu ndani hawakubaliani nami, na nawaheshimu, ila sitabadilisha maneno yangu kwa ajili ya kupata makofi.

Nimalizie na yanayokuja. Ule mlima mweusi wa mabaki ya kiwanda, uliokuwa alama ya mji pamoja na bomba la moshi, umekuwa ukichimbwa tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000 kwa ajili ya kobalti. Kolwezi, katika mtaa wa Kasulo, mwaka 2014 watu walipojua kobalti iko chini yao, walitoboa sakafu za nyumba zao wakashuka. Chumba cha kulala kikawa mlango wa shimo. Mtoto anayekua akijua kwamba chini ya kitanda kuna fedha ataiangalia nyumba vipi? Na wale vijana wa migodi mipya, wanaochukuliwa kwa basi alfajiri, wanalala kambini kwa zamu, mara nyingi wameajiriwa na kampuni ndogo iliyoajiriwa na kampuni kubwa: hakuna anayewaita wana wake, na wao hawamwiti mtu baba. Labda ni afadhali. Labda wataijua migodi tu, na mji wataupita usiku wakiwa wamelala garini.

Kwa hiyo nina kazi kwa wanafunzi, ile ile ya Oskaloosa. Chagueni mahali pamoja pa karibu: ligablo, kituo cha basi, kisima, lango la mgodi kama mtaruhusiwa. Kaa kutwa, andika. Nani anaingia, anasimama wapi, anamwamkia nani kwanza, nani anapita bila kuamkia, nani anafukuzwa na kwa maneno gani. Usiandike unavyofikiri, andika unachoona. Soko la Kenya, mtaa wa hapa mjini, limeshachukuliwa na wasichana wawili wa mwaka wa pili, msijazane pale. Karatasi ziko kwa mama mlangoni. Sasa maswali, na tuanze na papa yule wa shati la bluu, maana amenyoosha mkono tangu nilipotaja Lupopo.