Kata Picha Yako Kabla Studio Haijakukatia

Assalaam aleikum, karibuni. Leo tunakata picha ya simu ili ichapishwe na kutiwa fremu. Tutatumia hii hapa: mashua imetweka tanga mbele ya mji wa Lamu, yaelekea Shela.

Kwanza amua ukubwa wa karatasi. Wengi huliacha jambo hili mwisho, na ndilo linaloharibu picha. Simu nyingi hupiga kwa uwiano wa 4 kwa 3, lakini karatasi ya inchi 6 kwa 4 ni 3 kwa 2. Picha ya pikseli (nukta zinazounda picha) 4000 kwa 3000 ikiingia hapo, kimo chake hubaki 2667. Mashine ya studio itakata hizo 333 yenyewe, juu na chini, na haijui kwamba kule juu ndiko iliko ncha ya foromali, ule mti unaobeba tanga. Basi kata wewe.

Tengeneza nakala, ile ya asili usiiguse. Fungua nakala, bonyeza Hariri, kisha alama ya kukata.

Nyoosha upeo wa bahari kabla ya lolote, maana kuizungusha picha hula pembe zake. Sasa chagua 3:2.

Umeona mistari imejitokeza? Miwili imesimama, miwili imelala. Omo, yaani sehemu ya mbele ya mashua, yaelekea kulia, kwa hivyo naiweka mashua kwenye mstari wa kushoto ili iwe na maji ya kwendea mbele yake. Upeo nauteremsha hadi mstari wa chini: tanga lataka anga. Na tazama hapa ukingoni kushoto, pana bega la mtu. Vuta pembe ndani taratibu... limetoka. Foromali ingali nzima. Hapo sawa.

Kwa picha za watu, usikate kwenye magoti wala viwiko. Bwana harusi mwachie nafasi juu ya kofia. Mlango wa nakshi ama uuache mzima na kizingiti chake, ama usogee ujaze nakshi ya mfaa, ule mti wa katikati ya mlango, peke yake. Katikati ya hayo huonekana kama umekosea.

Angalia pikseli zilizobaki. Lenga 300 kwa kila inchi: 6 kwa 4 yataka 1800 kwa 1200. Ukibaki na 900 kwa 600, karatasi hiyo itapata 150 tu kwa inchi, na ukiishika mkononi utaona ukungu. Ukitaka 10 kwa 8, rudi kwenye picha ya asili ukate upya kwa 5:4, ubaki na 3000 kwa 2400.

Ukituma kwa WhatsApp, tuma kama faili, kwa sababu picha ya kawaida hubanwa ikapoteza pikseli. Kuipeleka kwa flashi ni bora zaidi. Mwambie fundi, "Sita kwa nne, ishakatwa." Na kwa kuwa fremu hufunika milimita chache kila upande, ile ncha ya foromali usiiache imegusa ukingo.