Bakapu ambayo hujawahi kuirudisha

Haya tuanze jamani, nyie wa nyuma sogeeni mbele viti viko, maiki yenyewe inakatakata na mimi sauti sina.

Nimeambiwa niongelee jinsi biashara inavyojipanga kuendelea na kazi baada ya janga. Slaidi ya kwanza nimeifuta jana usiku, ilikuwa inaeleza janga ni nini kwa mistari minne, nikaona ya nini, siku likikufika utalijua tu. Mimi nina swali moja tu, ivi iyo bakapu, yaani nakala ya akiba ya data zenu, mnayosema mnayo, mara ya mwisho mmeirudisha lini? Sisemi kuichukua, kila mtu anachukua. Nasema kuirudisha, mpaka mtu wa akaunti akafungua faili akasema naam, hii ndo yenyewe.

Mmenyamaza. Haya.

Juni 2017 kampuni ya meli ya Maersk, wale wenye makontena mnayoyaona kila bandari, walipigwa na kirusi cha kompyuta kinaitwa NotPetya. Kilianzia Ukraine, kikapenya kwenye apdeti ya programu ya uhasibu, yaani mtu ameapdeti programu ya kodi kama alivyoambiwa. Kikasambaa dunia nzima ndani ya masaa. Sasa Maersk walikuwa na seva, yaani kompyuta kubwa zinazohudumia zingine, kama 150 hivi za kutunza akaunti za wafanyakazi, nani anaruhusiwa kuingia wapi, na hizo seva zote zilikuwa zinanakiliana zenyewe kwa zenyewe. Ukiwaza haraka unasema hawa wako salama, nakala 150! Zote zikafutika. Maana zote zilikuwa hewani kwa wakati mmoja, zimeshikana, na walipanga hivyo kwa kudhani moja ikifa zingine zitaibeba, hakuna aliyewaza kuna siku zitakufa zote pamoja.

Ikabaki moja tu, Ghana. Na imebaki kwa nini? Umeme ulikatika! Seva ilikuwa imezimika kirusi kinapita. Kuituma kwa intaneti haiwezekani, laini ndogo na data ni nyingi, wakataka mtu wa Ghana apande ndege kwenda Uingereza, hakuna mwenye viza. Ikabidi mmoja abebe ile diski yenye data mpaka Nigeria, akamkabidhi mwenzake uwanja wa ndege, huyo ndo akapaa nayo London. Kampuni ya mabilioni imeokolewa na mgao wa umeme na begi la mkononi. Hasara walisema wenyewe ni kama dola milioni 250 mpaka 300, na mwenyekiti wao alieleza walifunga upya seva 4,000 na kompyuta 45,000 ndani ya siku kumi.

Kwa hiyo mtu akikwambia data yetu iko sehemu mbili na zinasinki, yaani zinanakiliana saa hizo hizo, mwambie vizuri, ila iyo sio bakapu. Ukifuta huku na kule kunafutika. Bakapu ni ile ambayo imechomolewa, iko mbali, na leo haijui umefanya nini.

Halafu kuna wale ambao bakapu wanayo, imechomolewa, iko mbali, na ndani hamna kitu. GitLab, kampuni ambayo watengeneza programu wanahifadhi kazi zao kwake, Januari 31, 2017. Fundi yuko kazini usiku, amechoka, anadhani yuko kwenye seva ya akiba kumbe yuko kwenye ile kubwa, akafuta. Anashtuka anakatisha, kwenye gigabaiti kama 300 zimebaki nne na nusu. Si mbaya, tuna njia tano za kuokoa data. Wanafungua ya kwanza haifai, ya pili haifai, lile folda la bakapu za kila siku walikuta tupu, programu ya kuchukua bakapu ilikuwa toleo la zamani haielewani na databesi, yaani ghala lenyewe la data, imekuwa ikifeli kimyakimya, na zile imeili za kutoa taarifa kwamba imefeli nazo zilikuwa zinakataliwa njiani. Kilichowaokoa ni nakala ambayo fundi alikuwa ameichukua kwa mkono masaa sita kabla, kwa shughuli nyingine kabisa. Mimi nawaheshimu sana wale, walitangaza kila kitu hadharani, kazi ya kurudisha wakairusha laivu.

Msicheke sana. Mimi mwenyewe ofisi moja niliyowahi kufanya kazi tulikuwa na mpango umeandikwa vizuri, una jalada, una sahihi. Siku seva imeungua tukaukumbuka, kumbe umo ndani ya seva. Mtu akapata kopi ya karatasi kwenye droo, ukurasa wa kwanza namba ya kupiga wakati wa dharura, tukapiga, jamaa akapokea, akasema mimi kazi hapo niliacha miaka mitatu iliyopita ila poleni sana.

Ndo maana kwangu mpango uliofanyiwa mazoezi mara mbili, hata uwe nusu ukurasa, unaushinda ule wa jalada. Rick Rescorla, mkuu wa usalama wa benki ya Morgan Stanley pale New York, baada ya bomu la 1993 kwenye jengo lao la World Trade Center alikuwa anawashusha watu ngazi kwa miguu, mara kwa mara, mabosi wenye wateja mezani wanalalamika na yeye hajali. Septemba 11, 2001, siku jengo lilipogongwa na ndege, wafanyakazi kama 2,700 walikuwemo, karibu wote walitoka, miguu ilikuwa inazijua ngazi. Yeye alirudi juu kuangalia waliobaki, hakutoka.

Sasa kabla ya maswali nataka kitu. Simu zote zifunikwe juu ya meza, na wewe pia kaka, iyo laptopu funga. Toeni kalamu. Andikeni namba za simu za watu watatu ambao mtawahitaji kesho asubuhi ofisi ikiwa haipo, kwa kichwa, bila kuchungulia. Nawapa dakika mbili.

Dada pale naona umeandika sifuri saba umesimama.