Koo Linauma? Washa Tochi Kabla ya Kukimbilia Duka la Dawa

Habari zenu watazamaji. Koo likianza kuwasha tu, wengi wetu mguu wa kwanza ni duka la dawa kuulizia amoksilini. Leo tuanze na tochi ya simu na kijiko safi.

Ila mtoto anayetokwa na udenda kwa kushindwa kumeza mate, anayekoroma akivuta pumzi, au asiyeweza kufungua kinywa, usimchokoe koo. Zima video, mpeleke hospitali sasa hivi.

Wengine, twende. Mkalishe penye mwanga, aseme "aaa". Ulimi ukiziba, ukandamize taratibu kwa mpini wa kijiko. Usiende nyuma sana, atatapika. Sogeza kamera hapa: hiki kinachoning'inia katikati ni kimeo. Koo likiuma nacho huweza kuvimba, kisha kikanywea chenyewe. Jamani, msiwapeleke watoto kukatwa kimeo eti kutibu kikohozi! Kuna watoto wamevuja damu mpaka wakafa, na wembe mchafu huleta pepopunda. Tena kikohozi kinabaki palepale.

Sasa tazama pembeni, kulia na kushoto. Haya ndiyo mafindofindo. Yakiwa mekundu tu, na mgonjwa ana mafua, anakohoa, sauti imekwaruza, mara nyingi ni virusi. Antibayotiki, yaani dawa za kuua bakteria kama hiyo amoksilini, haigusi virusi. Koo litapoa ndani ya wiki moja hivi.

Lakini ukiona utando au madoa meupe ya usaha, kuna homa, na ukipapasa chini ya taya unakuta tezi zimevimba na zinauma, halafu kikohozi hakuna, hapo shuku bakteria aina ya streptokokasi, hasa kwa mtoto wa miaka 5 hadi 15. Mpeleke kituo cha afya. Wakithibitisha, kwa kawaida atapewa penisilini, vidonge vya siku 10 au sindano moja. Shida huanza pale mtoto anaporudi kucheza siku ya tatu, vidonge vikasahaulika kabatini. Maliza dozi. Bakteria huyu asipotibiwa sawasawa anaweza kuleta homa ya baridi yabisi wiki chache baadaye, na homa hiyo huharibu vali za moyo.

Huduma ya nyumbani ni nyepesi. Nusu kijiko cha chai cha chumvi kwenye glasi ya maji ya vuguvugu, sukutua koo, tema. Mtoto mdogo asiyejua kutema mwache, mpe uji wa vuguvugu na maji mara kwa mara. Asali inatuliza, ila asiyetimiza mwaka mmoja asionje kabisa. Maumivu, parasetamo kwa kipimo cha uzito wake; aspirini usimpe mtoto.

Watu wazima, nanyi sauti ikikauka zaidi ya wiki tatu, hata kama huumwi popote, nenda ukaangaliwe koo, hasa ukiwa mvutaji wa sigara.